Sedani Kubwa Kuukuu Mbinga na Nyasa: Mnunuzi Analipia Nini Hasa?

Msimu wa kahawa unapofunga mahesabu, swali hilihili hurudi Mbinga mjini, mkoani Ruvuma. Fedha za AMCOS, vyama vya ushirika vya wakulima, zimeingia benki, madalali wameshapandisha magari kutoka Songea, Makambako na Dar es Salaam, na katikati ya magari madogo yaliyozoeleka imesimama Toyota Mark X nyeupe, au Crown, au Mark II Grande yenye viti laini. Bei yake inakaribiana na ya Toyota IST, pengine iko chini zaidi. Mmoja anasema hiyo ni bahati, gari la mtu mkubwa kwa fedha ya gari dogo. Mwingine anaapa kwamba huo ni mzigo, na ndani ya mwaka mmoja litakuwa limeegeshwa chini ya mwembe. Wote wawili wana mifano ya kuonyesha. Mnunuzi anabaki njia panda.

Mkanganyiko huo una sababu. Ubishi umeng'ang'ania swali moja tu, "linakula mafuta kiasi gani?", ilhali mafuta ni sehemu moja ya gharama, na mara nyingi si ile inayomwangusha mtu. Uchambuzi huu unaangalia bei hizo zinatoka wapi, barabara zetu zinaruhusu nini, kila upande una hoja gani na udhaifu gani, kisha unaweka yote kwenye mzani.

Kwa nini gari kubwa linauzwa kwa bei ndogo

Chanzo cha kwanza kiko Japani. Kule mwenye gari hulipa kodi kila mwaka kwa kufuata ukubwa wa injini, na gari la petroli likivuka miaka 13 kodi hiyo hupanda kwa takriban asilimia 15. Juu yake kuna ukaguzi wa lazima uitwao shaken: mara ya kwanza gari jipya likifikisha miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili, nao unaambatana na gharama za matengenezo. Mwenye sedani ya cc 2500 hufikia mahali akaona kuendelea nayo ni hasara, hata kama bado inatembea vizuri. Anaiachia mnadani kwa bei ya kutupa, na meli inaipakia kuja kwetu.

Chanzo cha pili ni soko letu. Wanunuzi wengi wa Tanzania wanatafuta gari dogo linalobana mafuta, na hilo huzipa IST na wenzake thamani isiyoshuka upesi. Sedani kubwa ina wanunuzi wachache. Mwenye nayo akitaka kuuza haraka hupunguza bei, na anayefuata hupunguza tena. Bei ndogo si ushahidi kwamba gari ni bovu, lakini si zawadi pia. Soko limeshapiga hesabu ya gharama zinazokuja, likaziondoa kwenye bei ya leo. Anayenunua bila kuzipiga yeye mwenyewe atazikuta mbele.

Chanzo cha tatu ni kodi ya kuingiza. Kenya hairuhusu gari lililozidi miaka minane, na Uganda tangu 2018 imefunga mlango kwa yaliyozidi miaka 15. Tanzania haikuweka ukomo wa umri. Iliweka bei juu ya umri. Gari la abiria lenye miaka minane hadi kumi huongezewa ushuru wa asilimia 15, na lililozidi kumi huongezewa asilimia 30. Kwa njia hiyo sedani ya mwaka 2005 bado inaweza kuingia leo, ila inaingia ikiwa imebeba kodi nzito. Yule aliyeiingiza miaka mingi iliyopita alishaibeba kodi yake, na ndiyo maana gari la mkononi, lililokwisha kutumika hapa nchini, huonekana rahisi kuliko la kuagiza.

Lami imefungua nini, na imeacha nini

Miaka 20 iliyopita swali hili lisingekuwapo. Kutoka Songea kwenda Mbinga ilikuwa safari ya vumbi kiangazi na tope masika, na kushuka hadi Mbamba Bay ilikuwa kazi ya Land Rover na malori. Sehemu ya Peramiho hadi Mbinga, kilomita 78, iliwekwa lami kwa fedha za msaada wa Marekani kupitia shirika lake la MCC. Baadaye ikafuata Mbinga hadi Mbamba Bay, kilomita 66 hivi, kwa fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika. Leo gari la chini linaweza kutoka Songea asubuhi na kufika Ziwa Nyasa bila kugusa udongo.

Lakini lami hiyo ni uti wa mgongo tu. Mbavu bado ni udongo. Maisha ya watu wengi yako nje ya barabara kuu: Litembo kwenye hospitali, Maguu na Mpapa kwenye kahawa, Tingi milimani, au njia ya mwambao kutoka Mbamba Bay kupitia Liuli hadi Lituhi. Njia hizo zina udongo mwekundu unaoteleza, makorongo yanayochimbwa na maji, na mawe yanayosubiri sampo ya oili. Sedani kubwa husimama karibu sentimita 15 tu kutoka ardhini, na ikibeba watu watano na gunia kwenye buti hushuka zaidi. Wengine huiinua kwa kuweka spesa kwenye shokapu. Dawa hiyo inasaidia kidogo na ina bei yake: magurudumu hutoka kwenye mpangilio, tairi huliwa upande mmoja, na gari huyumba kwenye kona.

Kuna jambo la majira ambalo wanunuzi wengi hulisahau. Kahawa huvunwa kiangazi, kuanzia Mei au Juni hadi karibu Oktoba, na malipo hufuata humo humo. Kwa hiyo mtu hununua gari wakati barabara zimekauka, kila njia inapitika na injini haijabanwa na tope. Mvua huanza mwishoni mwa mwaka na kuendelea hadi Aprili. Gari limejaribiwa katika miezi rahisi kuliko yote, na mtihani wake unakuja baada ya fedha kwisha.

Mlima nao una lake. Mbinga mjini pako zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Ziwa Nyasa liko chini kidogo ya mita 500. Kati ya hapo ni mteremko mrefu wenye kona nyingi. Gari zito hushuka na uzito wake wote juu ya breki, na likirudi hupanda na mzigo wote juu ya rejeta na giaboksi. Kasoro ambayo Dar es Salaam ingejificha mwaka mzima, hapa hujitokeza kwa saa moja.

Hoja za wanaosema nunua

Hoja yao ya kwanza ni utulivu na nguvu. Barabara ya Songea ina malori mengi, na yale ya makaa ya mawe kutoka Ngaka huingia barabara kuu pale Kitai. Kulipita lori refu kwenye mpando kwa injini ndogo yenye abiria watano ni kucheza na roho. Injini ya silinda sita hulipita mapema na kurudi upande wake. Uzito wa gari na upana wake hulituliza barabarani, na safari ya Dar es Salaam, ambayo ni zaidi ya kilomita 1,000, haimchoshi dereva.

Hoja ya pili ni uimara wa asili. Magari haya yalijengwa kwa wateja waliolipa fedha nyingi. Bodi ni nene, viti ni vya kudumu, na injini ya silinda sita haifanyi kazi kwa jasho inapokwenda kilomita 80 kwa saa. Ikitunzwa, inafika mbali.

Hoja ya tatu ni ya kodi. Mwaka wa fedha 2017/18 Serikali ilifuta ada ya mwaka ya leseni ya gari, iliyokuwa ikitozwa kwa ukubwa wa injini, na badala yake ikaongeza shilingi 40 kwa kila lita ya mafuta. Badiliko hilo lilihamisha mzigo kutoka kumiliki kwenda kutumia. Mwenye injini kubwa anayeendesha kidogo alipata nafuu ya kweli: gari likikaa nyumbani wiki nzima, halidaiwi ada hiyo tena.

Hoja hizi zina nguvu, na udhaifu wake uko katika maneno mawili: *ikitunzwa*, na *zamani*. Utulivu unaosifiwa ni wa gari lenye bushi na shokapu nzima. Gari lenye miaka 20 limeshapita mikononi mwa watu wanne au watano, na wa mwisho kati yao huenda alikuwa ndiye mwenye uwezo mdogo zaidi wa kulitunza. Gari kuukuu haliwezi kupewa sifa za gari jipya bila kukaguliwa.

Hoja za wanaosema usinunue

Wapinzani huanza na mafuta. EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati, hutangaza bei kikomo kila mwezi kwa kila wilaya, na Ruvuma hupangiwa kwa mafuta yanayoshushwa bandari ya Mtwara. Kadiri unavyokwenda mbali na bandari ndivyo usafirishaji unavyoongeza bei ya lita. Mnunuzi wa Mbinga au Mbamba Bay hujaza tangi kwa bei ya juu kuliko wa Mtwara mjini.

Hoja yao nzito zaidi ni spea na mafundi. Pedi za breki, plagi, filta na bushi za kawaida hupatikana Mbinga au Songea. Sensa, pampu ya mafuta ya presha kubwa, kioo cha taa au kompyuta ya injini huagizwa Dar es Salaam na kuletwa kwa basi. Hapo kuna siku za kusubiri, nauli ya mzigo, na hatari ya kupokea kifaa kisichofanana na ulichokitoa. Kwa IST kifaa kama hicho huwa kwenye makopo ya kila gereji, maana magari yake ni mengi na yaliyokufa huwa spea kwa yaliyo hai. Wingi wa gari barabarani ni bima ambayo haiandikwi popote.

Fundi naye ana mipaka yake. Fundi hodari wa Mbinga anaweza kufungua injini ya zamani na kuirudisha kwa masikio na vidole. Gari linalowasha taa ya injini kwa sababu ya waya au sensa linahitaji mashine ya kupima, na zaidi ya mashine linahitaji mtu anayejua kusoma majibu yake. Pasipo mtu huyo hubaki kubahatisha: kinabadilishwa kifaa hiki, kisha kile, na mwenye gari ndiye anayelipia kila jaribio.

Udhaifu wa upande huu ni kuyaweka magari yote kapu moja. "Sedani kubwa" si gari moja. Kati ya Mark II ya 1998 na Mark X ya 2006 kuna tofauti kubwa ya ufundi kuliko ya umbo.

Herufi zinazoamua

Fungua boneti uangalie kibati kidogo kilichobandikwa kwenye ukuta wa injini. Humo mna msimbo wa bodi na wa injini, na herufi hizo zinasema mengi kuliko maneno ya dalali.

GX100 ni Mark II ya miaka ya 1996 hadi 2000, pamoja na ndugu zake Chaser na Cresta. GX110 ni ile iliyofuata hadi 2004, ambayo wengi huijua kwa jina la Grande. Herufi G peke yake kabla ya X inaonyesha injini ya 1G-FE, silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, cc 2000 kasoro kidogo. Ni injini ya ufundi wa kawaida: mafuta hupuliziwa kabla ya valvu, petroli ya kawaida inaitosha, na mafundi wameizoea. Hitaji lake kubwa ni mkanda wa taiming, ubadilishwe kila kilomita 100,000. Muuzaji asiyejua ulibadilishwa lini amekupa jibu tayari: ubadilishe wiki ya kwanza.

JZX110 ina umbo lilelile la Grande, lakini chini ya boneti mna injini ya familia ya 1JZ, na baadhi yake ni 1JZ-FSE. Hiyo herufi S katikati ndiyo ya kuitafuta. Inamaanisha petroli hupuliziwa moja kwa moja ndani ya silinda kwa presha kubwa. Brevis na Progres nyingi zina injini ya aina hiyo.

GRX120 ni Mark X ya kwanza, ya 2004 hadi 2009, na Crown ya GRS180 ni ya kizazi hichohicho. Matoleo yake ya cc 2500 hutumia 4GR-FSE, silinda sita za umbo la V, zenye cheni badala ya mkanda. Ina nguvu na inabana mafuta kuliko ukubwa wake unavyoashiria. Lakini ilitengenezwa kwa petroli ya daraja la juu ya Japani, na kwa kuwa mafuta hayapiti juu ya valvu, hakuna kinachoziosha. Kaboni hujijenga taratibu, gari huanza kutetemeka likiwa limesimama, nguvu hupungua, na baadhi hula oili. Kusafisha kaboni hiyo si kazi ya gereji ya kando ya barabara.

Kwa mazingira ya Mbinga na Nyasa, tofauti ya FE na FSE ina uzito kuliko tofauti ya mwaka au ya rangi. Ya kwanza inatengenezeka hapa. Ya pili inatunzika, ila kwa mtu mwenye njia ya kufika kwa fundi wa mjini na fedha ya kumlipa. Crown Majesta yenye mito ya hewa, pamoja na Mercedes-Benz na BMW za zamani, ziko mbali zaidi kwenye ngazi hiyohiyo: gari linaweza kuwa zuri sana, lakini mlolongo wa spea na ujuzi unaolishikilia haujafika huku.

Kuagiza au kununua la mkononi

Anayeagiza hupata historia. Karatasi ya mnada huonyesha daraja la gari, kilomita na mahali palipogongwa, na haijapata kupita mikononi mwa dalali wa hapa. Aangalie pia gari limetoka wapi: mikoa ya kaskazini ya Japani humwaga chumvi barabarani wakati wa theluji, na gari la huko linaweza kung'aa juu huku limeliwa na kutu chini.

Gharama yake ni kodi. Tuchukue gari ambalo Mamlaka ya Mapato (TRA) imelithaminisha, pamoja na bima na usafiri, kwa shilingi 100. Ushuru wa forodha ni 25, jumla inakuwa 125. Kwa injini inayozidi cc 2000, ushuru wa bidhaa ni asilimia 10, na umri uliozidi miaka kumi unaongeza asilimia 30. Vyote viwili vikipigwa juu ya 125 vinaleta 50. VAT ya asilimia 18 juu ya 175 inaleta 31.5. Jumla ya kodi ni 106.5, kabla ya tozo ndogondogo kama ya maendeleo ya reli. Yaani kodi inaizidi thamani ya gari lenyewe. Gari la cc hizohizo lililo chini ya miaka minane lingelipa takriban 62. Injini ya 1G-FE, kwa kuwa haifiki cc 2000, iko daraja la asilimia 5, lakini umri unaibana vilevile. Viwango hubadilishwa na bajeti, hivyo kikokotoo cha TRA kiangaliwe kabla ya kutuma fedha yoyote.

Anayenunua la mkononi huepuka kodi hiyo, na huliona gari kwa macho yake likitembea barabara hizihizi. Hatari yake ni historia iliyofichwa. Watu hupima umri kwa herufi ya namba ya usajili: namba C, namba D, namba E. Herufi hiyo inaonyesha gari lilisajiliwa lini Tanzania, haionyeshi lilitengenezwa lini. Mark II ya 1999 inaweza kuvaa namba D. Mwaka wa kweli usomwe kwenye kadi, na namba ya chesesi kwenye kadi ifanane na iliyochongwa kwenye bodi.

Karatasi zina uzito sawa na injini. Deni la faini za barabarani hufuata namba ya gari, nayo huweza kuangaliwa kwenye mfumo wa Polisi kabla ya kulipa. Makosa yakirundikana, faini zake hugeuka sehemu ya bei. Stika ya bima nayo huhakikiwa kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima. Mauziano yaandikwe mbele ya wakili, na jina libadilishwe TRA mapema. Kutembelea kadi ya mtu mwingine ni kuacha mali yako mikononi mwake, na yeye kuacha makosa yako mikononi mwako.

Kabla ya kutoa fedha

Fika asubuhi, gari halijawashwa. Weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ina joto, kuna mtu ameshaliamsha, na uulize kwa nini. Injini ikiwa baridi, fungua kifuniko cha rejeta. Kulanti safi ina rangi yake, nyekundu au kijani, na haina mafuta. Maji ya rangi ya chai ni kutu, maana yake gari limenyweshwa maji ya bomba miaka mingi. Utando wa mafuta juu yake, au ute kama maziwa chini ya kifuniko cha oili, ni dalili ya gasketi ya hedi. Hapo mazungumzo ya bei yameisha, anza kuaga. Kwenye GX kuna kijiti cha kupimia hidroliki ya gia. Nyekundu inayong'aa ni njema. Nyeusi yenye harufu ya kuungua ni giaboksi inayoomba msaada. Mark X yenye gia sita haina kijiti hicho, hivyo kipimo kinabaki kuwa barabara.

Na barabara ipo. Mnunuzi wa Mbinga ana maabara ambayo wa Dar es Salaam hana. Teremka na gari kuelekea ziwani ukishika gia ya chini, usikilize kama usukani unatetemeka unapofunga breki. Lizime kidogo, liwashe, kisha lipandishe hadi mjini huku kiyoyozi kikifanya kazi, macho kwenye sindano ya joto. Gari linalorudi juu bila kupanda joto, bila gia kuteleza na bila taa ya injini, limejibu maswali mengi. Muuzaji anayekataa safari hiyo naye amejibu.

Mizani

Tuanze na mafuta, kwa kuwa ndiyo yanayopigiwa kelele. Chukulia petroli ni shilingi 3,000 kwa lita, sedani kubwa inakwenda kilomita 9 kwa lita, na gari dogo kilomita 14. Tofauti ni kama shilingi 119 kwa kila kilomita. Mtu anayetembea kilomita 1,000 kwa mwezi atalipa zaidi kwa shilingi 119,000 kila mwezi, karibu milioni 1.43 kwa mwaka. Anayetembea kilomita 400 atalipa zaidi kwa shilingi 47,600 kwa mwezi, kama 571,000 kwa mwaka.

Hesabu hiyo inaonyesha mambo mawili. Kwanza, kwa mtu wa safari nyingi mafuta ni mzigo wa kweli, na hakuna utulivu wa kiti unaoufuta. Pili, kwa mtu wa safari chache, tofauti ya mwaka mzima inaweza kumezwa na tengenezo moja la giaboksi au injini. Kwake swali la mafuta ni dogo. Swali kubwa ni hali ya gari siku ya kulinunua, na kama lina S kwenye msimbo wa injini.

Pili ni namna fedha inavyopatikana. Mkulima wa kahawa hupata mara moja kwa mwaka, na mfanyakazi wa mshahara hukopa akalipa kidogo kidogo kwa miaka. Wote wawili hushawishika kutoa chote walicho nacho siku ya ununuzi. Kwa gari kuukuu huo ndio mtego mkuu. Mkanda, pampu ya maji, bushi, shokapu, tairi, betri, oili na hidroliki vinaweza kudai vyote ndani ya miezi sita ya kwanza, kwa sababu mwenye gari aliyetangulia alikuwa akisubiri kuuza. Mkulima aliyemaliza fedha Oktoba atakutana na ubovu Januari, wakati wa mbolea na ada za shule. Mfanyakazi atajikuta akilipa mkopo wa gari lisilotembea. Busara ni kutenga angalau robo ya fedha yote kabla ya kupatana bei, na kuihesabu kuwa sehemu ya bei.

Tatu ni njia ya kila siku. Anayeishi na kufanya kazi kando ya lami, Mbinga mjini, Kigonsera au Mbamba Bay, na kwenda Songea mara kwa mara, anaweza kulitumia gari hili kama lilivyokusudiwa. Anayelala kijijini, akaingia barabara kuu baada ya kilomita 15 za udongo, atalichosha gari na gari litamchosha. Kwake Probox, au gari la juu kidogo hata likiwa la umri uleule, ni chaguo la haki zaidi. Rimu pana za inchi 18 zenye tairi la ukuta mwembamba hupendeza mjini, lakini huku huongeza gharama. Tairi lenye ukuta mnene hupokea shimo kabla shokapu haijapokea.

Muhtasari

Sedani kubwa kuukuu ni rahisi kununua kwa sababu Japani inaisukuma nje, soko letu linaitilia shaka, na aliyelipa kodi yake ni mtu mwingine. Lami ya Songea, Mbinga na Mbamba Bay imeifanya iwezekane kutumika huku. Njia za udongo bado zinaikataa. Wanaoisifu wako sahihi kuhusu nguvu, utulivu na usalama wake barabarani, lakini wanausahau umri wake. Wanaoiogopa wako sahihi kuhusu spea na ufundi wa mbali, lakini hawatofautishi injini na injini.

Uzito wa hoja unaangukia hapa. Kwa anayetembea lami, kilomita chache hadi za wastani kila mwezi, na mwenye akiba iliyotengwa, GX100 au GX110 yenye 1G-FE iliyokaguliwa ni ununuzi wa maana, na hapaswi kuonewa huruma. Mark X na Crown za FSE ni za mwenye akiba kubwa zaidi na fundi wa kuaminika mjini. Anayeishi ndani ya udongo, anayesafiri sana kila siku kwa fedha ya kubana, au ambaye bei ya gari itakomba kila shilingi aliyo nayo, aliache, hata likiwa zuri na muuzaji akiwa mkweli. Bei iliyoandikwa kwenye kioo ni malipo ya kwanza tu. Kazi ya mnunuzi ni kuyajua yanayofuata kabla mvua ya kwanza haijaanguka.